Futi 25,714 Kaskazini ya Kisima

Siku yangu ya kwanza katika kambi ya upimaji ardhi, Garissa, Karani wa Hesabu hakunipa hata kiti. Alinipa namba ndefu akasema, "Toa tisa." Maana yake, unajumlisha tarakimu zote, na jumla ikiwa kubwa unaijumlisha tena, mpaka ibaki tarakimu moja. Hilo tuliliita baki. Namba zote, ziwe kubwa namna gani, huangukia katika koo tisa za namna hiyo, na kwa baki tulikagua hesabu na ujumbe.

Miaka ya hamsini ilipoanza nilikuwa Buna, chini ya Mpimaji Mkuu, Mwingereza asiyependa maneno. Karani naye alikuwa amehamia huko. Wapimaji watatu walikuwa porini, mmoja wao Adan, mtoto wa ami yangu. Maji yakawapungukia, wakatuma ujumbe kwa simu ya upepo, yaani redio: wako kaskazini ya kisima, futi 25,714, baki moja. Nikajumlisha, nikapata kumi na tisa, kisha kumi, kisha moja. Sawa. Alfajiri ngamia wa maji wakaondoka.

Jioni wakarudi na mapipa yamejaa. Mzee Hussein, kiongozi wa ngamia, alikuwa na hasira.

"Tumeita, tumebiga bunduki. Wallahi, hakuna mtu!"

Tukaita kwa simu ya upepo. Kimya.

"Lakini tisa imekubali," nikasema.

"Tisa haioni mpangilio," Karani akajibu. "Tarakimu zikibadilishana nafasi, jumla ni ile ile."

Mpimaji Mkuu akachukua penseli. Tarakimu zinazobadilishana kwa makosa aghalabu ni jirani, akasema, basi akaandika namba nne: 25,741, 25,174, 27,514, 52,714. Tatu za kwanza zilikuwa karibu na pale Hussein alipofika. Mlio wa bunduki ungesikika. Ya nne ilikuwa mbali, zaidi ya mara mbili.

"Na kama siyo hiyo?" Mpimaji Mkuu akauliza. "Hawatangoja safari ya tatu."

Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa damu yangu ilikuwa kule.

"Twende hiyo," nikasema.

Kesho yake nilifuatana na ngamia. Tuliwakuta chini ya mgunga, wote watatu hai. Midomo ya Adan ilikuwa imepasuka, hakuweza kuniita jina. Mzee Hussein alimnywesha kidogo kidogo kwa kiganja, akisoma Fatiha.

Tangu hapo Karani aliamuru kila ujumbe uwe na baki la kumi na moja pia, yaani kinachosalia namba ikigawanywa kwa kumi na moja, maana hilo hubadilika tarakimu jirani zikipishana. Nilifanya hivyo mpaka nilipostaafu.

Vijana mnaokokotoa kwa mashine, mimi jibu linalokataa halikunitisha kamwe. Likikataa, unarudia kazi, basi. Likikubali, kaa nalo kidogo, ujiulize ni kosa gani ambalo kipimo chako hakina macho ya kuliona.