Siku Niliyochomoa Waya ili Papa Asisikike

Kucheka mtacheka, najua, ila mcheke polepole, maana mama yangu ananicheka tangu mwezi wa nane na katika ukoo mmoja mtu mmoja wa kazi hiyo anatosha. Mimi, Déo, mwalimu wa historia, mtu ambaye wanafunzi wakimwona barabarani Nyalukemba, hapa Bukavu, wanaficha simu, nilisimama mbele ya padri, masere wawili (ndivyo tunavyowaita masista huku kwetu) na ukoo mzima nikiwa nimeshika kichwa cha waya kama mwizi wa umeme, huku sauti yangu mwenyewe ya miaka kumi na minne ikimwita mmoja wa masere hao "chokoleti ya Ibanda". Nimelitanguliza neno hilo makusudi, ili aibu ipungue tukifika hapo. (Haitapungua.)

Mambo yalianzia kwenye kikao cha familia. Tulikuwa tunaandaa misa ya kumkumbuka papa, yaani baba yetu, miaka ishirini na mitano tangu atuache, na kila mtu anatoa lake, huyu turubai, huyu mbuzi, huyu sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, halafu mama, ambaye muda wote alikuwa kimya akichambua mboga za lenga-lenga, akainua kichwa.

— Miye niko na kaseti yenye sauti ya papa yenu. Niliichungaka. Masikio yangu inaanza kufungwa, munajionea benyewe, munaniita mara tatu. Ninataka nimusikie mbele ifungwe kabisa. Na batu bote bamusikie.

Wote wakapiga makofi, dada zangu wakafuta machozi, na mimi tonge la fufu likanikwama kooni, kwa sababu kaseti hiyo niliijua, na nilijua nilichoifanyia.

Sasa hapa lazima nirudi nyuma, maana walio wadogo hamwezi kuelewa kaseti ilikuwa nini. Miaka ya tisini papa alikuwa anafanya kazi Kamituga kwenye dhahabu, na simu hakuna, barua ya karatasi mama hakuipenda kwa sababu ilibidi asomewe na mtu mwingine, basi papa akawa anaongea kwenye kaseti na kuipa dereva wa lori atuletee. Ile ya mwisho ilikuwa na maandishi ya bluu, FAMILIA, kwa herufi kubwa, na papa alikuwa amevunja vile vimeno viwili vya mgongoni ili mtu yeyote asirekodi juu yake. (Alinijua.) Tuliisikiliza jioni moja sote tumekaa kimya kama tuko misa, mama akairudisha kabatini, na mimi nikabaki nawaza kitu kimoja tu, kwamba ile ni kaseti ya dakika tisini na papa ametumia dakika kumi.

Tena mjue, wakati ule muziki wa Kinshasa ulikuwa umetuvuruga akili. Jumapili baada ya misa tulikimbilia kwa jirani yetu Papa Bosco, aliyekuwa na televisheni, na sheria ya pale ilikuwa unaosha miguu kwenye bomba kwanza, halafu unakaa kwenye mkeka, na asiyesaidia kuchota maji katikati ya wiki anatazamia dirishani. Nyimbo zinapita, wachezaji wanazungusha kiuno, na kile tulichokipenda kuliko vyote ni atalaku, yule mpiga kelele wa bendi, anapotupa libanga, yaani anapotaja katikati ya wimbo majina ya matajiri na warembo ili wajulikane dunia nzima. Mimi nilitaka kuwa atalaku. Tayari nilikuwa na jina la kazi, Déo wa Paris, na mbali kabisa nilikokuwa nimefika ni Luvungi, kwenye shamba la mjomba, na huko nilipata malaria.

Basi Jumapili moja nikaichukua redio-kaseti yetu, nikatafuna karatasi ya daftari nikaziba vile vitundu vya vimeno, nikaiweka redio mbele ya televisheni ya Papa Bosco, nikabonyeza vifungo viwili pamoja. Nilijiambia nitarekodi kidogo tu, mwishoni, baada ya maneno ya papa. (Kumbe sikuwa nimeipeleka mbele. Ilikuwa mwanzo kabisa.) Na kwa kuwa chombo kilikuwa kinanasa kila kitu cha chumbani, niliwaamuru watoto wote wanyamaze, nikakisogelea nikaanza kutupa mabanga yangu juu ya wimbo wa wenyewe, na libanga langu la kwanza lilikwenda kwa Béatrice, binti wa Papa Bosco, aliyekuwa amekaa mkekani akijifanya hanisikii.

Nilikuwa katikati ya utukufu huo nilipoona buti mlangoni. Buti za Kamituga, zenye udongo mwekundu. Papa alikuwa amerudi bila kuarifu mtu! Nikaona buti, nikaona kaseti yake inazunguka, na mwili wangu ukaamua kabla yangu, nikaruka dirishani, nikaangusha kiti, nikakimbia mpaka ziwani, na nilikaa huko nikingoja njaa inishinde. Niliporudi nyumbani, redio ilikuwa mahali pake, kaseti haimo, na papa hakusema neno. Hakusema kesho yake, wala mwaka uliofuata. Miaka mitano baadaye akaugua akafa, na mimi nikajiambia amekufa bila kujua, na mama naye hajui, kwa sababu haendi kuisikiliza, anaichunga tu kwenye sanduku la vitenge vyake.

Kwa hiyo mnaelewa lile tonge la fufu. Pale pale kikaoni ningesema: mama, samahani, ile kaseti niliifuta. Maneno machache tu. Lakini nilimtazama anavyofurahi nikanyamaza, na mdomo ukishanyamaza mara moja, kuufungua ni kazi.

Badala yake nikajitolea kushughulikia muziki wa siku hiyo, nikidhani nimekuwa mjanja. Nikamwomba mama anipe kaseti niisafishe, akakataa, akasema ataibeba mwenyewe. Nikatangaza kwamba nimezunguka Bukavu yote na redio-kaseti nzima haipo tena (sikuzunguka hata barabara moja), na dada zangu wakaanza kusikitika, mpaka asubuhi ya misa akaingia tonton Gervais, mdogo wake papa, kutoka Kavumu, mtu ambaye tangu azaliwe hajatupilia mbali kitu chochote, na kwapani ana mzigo umefungwa kitenge. Akaufungua mbele yetu taratibu. Redio-kaseti, inang'aa, na antena yake.

— Nani alisema haiko? Hii nilinunuaka na marehemu. Iko inaimba kuliko weye.

Baada ya misa tulirudi nyumbani, watu wakajaa chini ya turubai, wakala, padri akabariki, na zikaanza hotuba. Na hotuba za kumsifu papa tunazijua kwa moyo, kila mwaka ni zile zile: alikuwa mtu mkali, mtu wa kazi, hakucheka ovyo, alitulea kwa fimbo na sala. Mimi mwenyewe nilizungumza hivyo. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, halafu akafungua mkoba, akatoa kaseti yenye herufi za bluu, akampa tonton. Tonton akaiingiza, akaisogeza mikrofoni karibu ili itoke kwenye baflo, zile spika kubwa, na mama akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa meza.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya pipa la maji, karibu na mahali nyaya zote zilipokutana. Nilimwona mama ameweka kiganja nyuma ya sikio. Nikachomoa.

Baflo zikakata, watu wakaguna, na mimi nikasimama haraka na kusema kwa sauti ya darasani:

— Ndugu zangu, umeme wa Bukavu mnaujua. Na kaseti za zamani, kusema kweli, zilishaoza zote. Ninapendekeza tumkumbuke papa kwa kimya.

Ningeketi hapo ningepona. Ila tonton Gervais alikuwa ananitazama mkono.

— Déo, ile kitu umekamata ni nini?

Nikatazama. Nilikuwa nimekishika kile kichwa cha waya mbele ya kifua, kwa mikono miwili, kama mshumaa wa komunyo. Watu mia wanatazama.

— Haina neno — tonton akasema. — Hii inakula mapile. Nilitia mapya sita leo asubui.

Akabonyeza, redio ikawaka kwa betri zake. Na hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe, kwa sababu baflo zingekuwa zinanguruma watu wangeendelea kupiga soga na kutafuna sambaza, lakini sasa redio ndogo inaongea peke yake mezani, wote wakanyamaza na kusogea, hata walioko jikoni wakatoka, na katika kimya kile ikapanda ngoma ya ndombolo, na juu yake sauti nyembamba ya mtoto inayovunjika katikati:

— Déo wa Paris, hapa Nyalukembaaa! Natupa libanga kwa Béa! Béa eeh! Béa mutoto ya Papa Bosco, chokoleti ya Ibanda! Akinikataa naenda Ulaya!

Masere Béatrice alikuwa kwenye safu ya mbele, pembeni ya padri. Niliomba ardhi ipasuke, na ardhi ya Bukavu ambayo kila mvua inaporomoka, siku hiyo ikawa ngumu. Padri akafunika uso na kijitabu cha sala, mabega yanamtikisika. Masere akageuka polepole mpaka akanipata.

— Déo, miaka yote hii, na libanga yangu inafika leo?

Turubai lote likalipuka. Wanafunzi wangu wawili walikuwemo, na tayari simu zao zimenielekea. Mimi sikucheka, nilikuwa namtazama mama tu, nikingoja aelewe kwamba sauti ya mumewe haimo, kwamba mwanawe aliifuta kwa ajili ya upuuzi huu. Mama hakugeuka. Kiganja bado kiko sikioni. Akainua kidole kimoja tu, tunyamaze.

Kwenye kaseti kiti kikaanguka. Ni mimi huyo, dirishani. Watoto wakapiga kelele, halafu buti zikasikika sakafuni, halafu sauti nzito, ya taratibu, ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka ishirini na mitano:

— Ule alipita mu dirisha, ni wangu ao ni wako, Bosco?

— Ni wako. Bangu habana ile mbio.

Na papa akacheka. Papa yangu! Kicheko kirefu, cha tumbo, na ndombolo ikaisha, ikaanza rumba moja ya zamani, ya polepole.

— Bosco, ongeza sauti, hii ni ya wakati yetu. Venantie. Venantie, weka kikapo chini, kuya.

Mjue kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsikia papa akimwita mama kwa jina. Ilikuwa Mama Déo, siku zote. Sauti ya mama, changa, ikajibu kwa aibu, na nikaona midomo ya mama aliyeko mezani inaenda pamoja nayo, neno kwa neno:

— Mbele ya batu, Papa Déo?

— Mbele ya batu.

Buti zikaanza kuburuta sakafuni, mbili na mbili, kwa mwendo wa rumba, watoto wakapiga makofi, na mtu mkali wa Kamituga, mtu wa fimbo na sala, akasogelea redio yangu na kutupa libanga:

— Venantie eeh! Venantie bibi yangu! Kamituga yote inakusalimia, Venantie!

Tak. Rekodi ikaishia hapo.

Tonton alikuwa analia waziwazi, bila leso. Nilimwendea mama, waya bado mkononi, nikamwinamia kwenye sikio lile linalosikia kidogo.

— Mama, ulikuwa unajua?

— Juu ya nini nisijue? Ni miye nilitoa ile kaseti mu redio. Niliisikiliza kila siku mukienda masomo, mpaka redio ikakufa.

— Na barua ya papa? Niliifuta, mama. Ni mimi niliifuta.

— Ile? Iliongea mabati na mbuzi tu. Mabati ilishaoza, mbuzi tulishaikula. — Akawatazama wote. — Kila mwaka munasimamaka hapa munasema alikuwa mukali. Ni kweli, alikuwa mukali. Lakini munaongeaka nusu yake tu, na miye ninabaki peke yangu na ile nusu ingine. Nilichoka kuichunga miye moja. — Kisha akanipiga kidogo kwenye mkono. — Rudisha courant, Déo wa Paris. Ninataka kuisikia na baflo.

Nikaurudisha waya. Tuliisikiliza mara nne, na mara ya tatu tonton Gervais akamnyanyua mama, wakacheza polepole kati ya viti, na masere Béatrice akawapigia makofi.

Video yangu shuleni imeshazunguka darasa kwa darasa, na wakubwa wakinisalimia barabarani wanasema Paris, hilo nimelizoea. Linaloniuma ni lingine. Miaka thelathini nilibeba kosa nikidhani nimemfutia mama sauti ya papa, na siku ile kama ningevumilia nikabaki kwenye mkeka na fimbo yangu nikala, ningemwona papa yangu akicheza. Nilikuwa karibu kuliko wote. Basi nimeapa mbele ya mama, na ninaapa mbele yenu, kosa lolote nitakalofanya tangu sasa, dirishani sipiti tena.