Mtoto wa Sita wa Bi Rhonda

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, giza la Februari bado limeng'ang'ania milima ya Laurel Gap, mashariki ya jimbo la Kentucky, Marekani. Rhonda Stidham amesimama dirishani, mtoto kiunoni, nepi mkononi. Anaangalia magari. Gari likipita bila kukata kona, anaguna.

"Mama Combs amepiga simu," anasema mwenzake, Brittany, akipasha chupa za maziwa. "Wa kwake ana homa."

"Ee Mungu wangu. Na huyo tena?"

Si kwamba Rhonda hana huruma. Katika kituo hiki cha kulelea watoto, chumba cha wachanga kinaruhusiwa mlezi mmoja kwa watoto watano. Wakija watano, mlezi wa pili anavaa koti na kurudi nyumbani bila malipo. Wakija sita, wote wawili wanabaki. Basi kila asubuhi Rhonda anamngoja mtoto wa sita.

"Watu wanangoja mshahara, mimi namngoja mwenye kamasi," anasema, na hacheki sana.

Ana miaka arobaini na mitatu, mgongo mbovu na shahada ya malezi ya watoto wadogo. Aliisomea jioni baada ya kazi, kwa mkopo wa dola elfu ishirini na nane, maana aliambiwa ingempandishia ujira. Leo analipwa dola kumi na tatu kwa saa. Deni nalo, pamoja na miaka yote ya kulipa, limeota riba hadi elfu thelathini na nne.

"Kituo cha mafuta pale barabarani kinatoa kumi na sita," anasema. "Na hakuna anayekutapikia."

"Hujawahi kwenda Jumamosi usiku wewe," Brittany anamjibu.

Kinachomshikilia hapa ni mpango wa kusamehe mikopo ya walezi. Ufanye kazi miaka mitano mfululizo, wastani wa saa thelathini kwa wiki, deni lote linafutwa. Saa zikipungua, mwaka huo hauhesabiwi. Mwaka wake wa tano unaisha Mei. Theluji ya Januari na mafua ya mwezi huu vimemlia saa zote za akiba, na sasa akirudishwa nyumbani tena siku moja tu, mwaka umekwenda na maji.

Saa mbili wamefika watano. Leo ni zamu ya Rhonda kuondoka.

Mkuu wa kituo, Bi Verna, anachungulia mlangoni bila kumtazama usoni. "Rhonda, sina roho mbaya, unajua. Ada ya watoto watano hailipi watu wawili. Tungoje mpaka saa tatu."

Rhonda anaendelea kufuta viti ambavyo ameshavifuta. Koti lake liko kwenye msumari, na hataki kuliangalia.

Dakika chache kabla ya saa tatu, mlango unasukumwa kwa bega. Ni Kayla Slone, mama kijana anayefanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee. Amevaa suruali ya kulalia na ndala juu ya soksi. Mkononi ana mwanawe Waylon, mwenye miezi kumi na moja.

"Wewe, leo si siku yako ya mapumziko?" Rhonda anamuuliza.

"Kwani hunioni nilivyovaa? Shika mtoto wako, nikalale."

Nje, kwenye maegesho, Kayla ananiambia mimi, mwandishi niliyekuja kuwatembelea, yasiyosemwa ndani. Akina mama wamekubaliana kwenye simu kwamba watoto wakipungua, mmoja wao atamleta wa kwake hata kama hana haja. Leo ilimwangukia yeye.

"Ijumaa ndiyo siku pekee niliyo nayo na huyu mtoto," anasema. Kisha anaangalia pembeni. "Ila Rhonda akiondoka, sisi tutampa nani watoto?"

Mchana, maharage na mkate wa mahindi vikiwa vimemwagika nusu sakafuni, Waylon anaachia ukingo wa meza. Anayumba. Anatembea mpaka kwenye magoti ya Rhonda, peke yake, kwa mara ya kwanza.

Brittany anaziba mdomo. Rhonda anamkumbatia mtoto na machozi yanamtoka. Walezi wana mila yao: hatua za kwanza hawamwambii mzazi, wanamwacha azione mwenyewe nyumbani. Amenyamaza hivyo kwa watoto wengi. Leo inamwia vigumu, maana anajua Kayla ametoa siku yake ya mapumziko kwa ajili yake.

Jioni Kayla anauliza, "Leo kafanya nini?"

"Kala, kalala. Mwangalie sana usiku wa leo, yuko karibu."

Jumatatu Rhonda anashindwa kuvumilia, anamweleza yote. Kayla anamsikiliza akimvua Waylon kofia.

"Dada, nilijua," anasema. "Ijumaa usiku alivuka chumba kizima cha jikoni. Nani anaanza kutembea hivyo bila kuanguka?" Anacheka, halafu macho yake yanajaa. "Iliniuma, sikufichi. Ijumaa hii atakuja wa mama mwingine. Mimi nabaki na wangu."

"Baki naye. Tafadhali."

Nilipomuuliza Rhonda atafanya nini deni likishafutwa, nilitarajia niambiwe nyumba, au gari lisilovuja mafuta. Alijisugua mgongo.

"Mwaka ukishaisha hapo Mei," alisema, "Ijumaa ya kwanza nitampigia Kayla kabla hajafunga mkanda wa mtoto. Nitamwambia, usimlete, kaa na mwanao. Halafu nitavaa koti langu, nirudi nyumbani kama mtu yeyote aliyekosa kazi siku moja."