Mdomo wa Kuazima

Siku tano za wiki jirani yangu hufundisha lugha katika shule ya sekondari, darasa limejaa hadi dirishani, na ikifika Ijumaa sauti yake imekwisha. Hiyo iliyobaki huipeleka kanisani Jumapili, kutafsiri mahubiri. Wote tunamwita Mkalimani, hata mume wake. Amechoka mwanamke huyu, na si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ni ule wa mtu ambaye kwa miaka mingi hajamaliza sentensi yake mwenyewe.

Kutafsiri kwetu kuna namna yake. Mkalimani hasemi "mhubiri anasema." Mhubiri akisema mimi, naye husema mimi. Yule akipiga ngumi mimbari, huyu hupiga hewa. Yule akilia, huyu hutafuta machozi. Akichelewa kidogo tu, watu wananung'unika kwamba upako umekatika. Kwa kazi hiyo tulimsifu mpaka basi, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama ameshakula.

Mwaka huu mchungaji wetu alituletea mwalimu mgeni, mtu wa suti nyeupe na viatu visivyojua vumbi. Katika lugha yetu anajua neno "amina" peke yake. Mwanzoni alifundisha uponyaji, na hapo sina neno, Mungu huponya. Kisha kidogo kidogo akaanza kusema kwamba anayemeza dawa anamtukana Mungu. Alikuwa akisoma nusu ya mstari na kufunga Biblia haraka, kama mtu anayefunika sufuria wageni wasione kilichomo. Mkalimani aliligundua hilo mapema, maana macho yake yalikuwa yameshatangulia kwenye nusu ya pili. Aliniambia siku moja tukianua nguo.

"Au labda ni mimi nimechoka," akasema, akaliacha hapo.

Jumapili iliyofuata mgeni akanyoosha mkono, naye Mkalimani akanyoosha wake, akatamka kwa sauti yake iliyokwaruza: "Mungu ameniambia mimi, tupeni hizo dawa."

Katikati yetu alikuwa ameketi dada yake mkubwa, mshonaji, mgonjwa wa kisukari, mtu wa kujichoma sindano kila siku. Akaenda nyumbani akazitupa zote, asimwambie mtu.

Tulikuja kujua Jumamosi moja, mguu wake uliposhindwa kukanyaga cherehani. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka, midomo imekauka, na mama wa watu anakunywa maji mtungi kwa mtungi. Mkalimani akaja mbio.

"Dada, twende hospitali, nakuomba."

"Si ulisema tutupe?"

"Sikusema mimi, alisema mgeni. Mimi nilitafsiri tu."

"Mgeni simjui. Kwa lugha yake hiyo angeweza kuwa anauza mabati. Wewe nimekubeba mgongoni, na hujawahi kunidanganya. Ukaniambia Mungu amekuambia."

Mkalimani akakaa sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa. "Nilikosea, dada."

"Nitajuaje kwamba leo ndiyo hukosei? Kule ulisema mbele ya watu wote. Hapa unaninong'oneza. Kesho naenda kuombewa."

Tukatoka hapo mimi na Mkalimani moja kwa moja hadi ofisi ya kanisa, akamweleza mgeni habari yote. Mgeni alisikiliza kwa upole, akajibu kwa tabasamu. Mkalimani akanigeukia na kunitafsiria, kwa mazoea tu.

"Anasema imani ya dada yangu ni ndogo." Kisha akaongeza lake mwenyewe: "Umeona? Akipona, sifa ni zake. Akifa, kosa ni la dada. Yeye hana anapopoteza."

Wengine tunangoja kuona pembe na mkia ndipo tumtambue mwalimu wa uongo. Huyu alikuwa mpole, ananukia vizuri, na alitufungulia mlango tulipoondoka. Nilitamani kumzaba kibao. Mkalimani hakukasirika hata kidogo, hakuwa na nguvu za kukasirikia.

Kesho yake dada mtu alikuja kanisani akiniegemea. Mgeni akahubiri, akafika palepale pa dawa, akanyoosha mkono. Mkalimani hakunyoosha wake. Mgeni akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hakusikia.

"Hilo silisemi," akasema Mkalimani.

Akatugeukia sisi.

"Na lile nililosema siku ile, Mungu hakuwa ameniambia kitu. Nilisema kwa sababu ndiyo kazi yangu hapa. Mwenye dawa zake azitumie. Na ile mistari ina nusu ya pili, kasomeni wenyewe."

Mtu akazima kipaza sauti. Akaendelea bila hicho, sauti imekatika, huku mchungaji akimshika kiwiko amshushe. Watu wakaanza kuguna, mwingine akakemea pepo. Dada yake akasimama kwa shida, mkono mmoja begani kwangu, akauliza kutoka pale alipokuwa:

"Hayo ni ya nani?"

"Ni yangu, dada."

Dada akainama kutafuta viatu vyake chini ya benchi.

"Basi shuka unishike," akasema. "Twende hospitali."