Mkono Niliomnyooshea Kabula

Nikipita sokoni nikakutana na harufu ya matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani, mwenzenu huwa naongeza mwendo. Ndiyo ilikuwa harufu ya mfuko wa Kabula.

Kabula alitoka kijijini Lusu kuja kukaa na shangazi yake hapa mjini, mtaa wa Isevya, tukiwa darasa la tatu. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi nzito ya kwao, na kila alipofungua kinywa darasa zima lilicheka. Mimi nilimpenda kimyakimya. Wakati wa mapumziko tulijibanza nyuma ya tangi la maji tukitafuna matobolwa yake mpaka taya zinauma. Mbele ya wenzangu nilijifanya simjui.

Siku moja, tuliporudi darasani kutoka mapumziko, chupa ya asali ya mwalimu haikuwepo mezani.

"Nani kachukua?"

"Kabula!" sauti moja ikasema kutoka mbele.

"Waliomwona wanyooshe mikono."

Ukanyooka mkono mmoja, ukafuata wa pili, kisha dawati zima. Nilijua hakuna aliyemwona, maana mapumziko yote alikuwa na mimi. Kabula akageuka kunitazama, bila hofu hata kidogo, kama mtu anayesubiri dada yake aseme neno. Wenzangu nao walikuwa wananitazama. Nikanyoosha.

Hakulia. Alisema tu, kwa lafudhi yake ileile, "Haya." Akachapwa. Shangazi yake, kwa aibu, akamrudisha Lusu kabla wiki haijaisha.

Siku chache baadaye asali ilionekana kabatini ofisini. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeihamisha, akasahau. Akacheka, nasi tukacheka.

Bibi yangu alizoea kusema, wengi wape. Miaka yote nilijifariji kwa neno hilo: mtoto mmoja angefanya nini mbele ya darasa zima? Mpaka mwaka huu, msibani, nilipokaa jamvi moja na Mwajuma, aliyekuwa akikaa dawati la nyuma yangu. Nikamtaja Kabula.

"Mimi sikuona kitu, dada," Mwajuma akasema. "Wala sikutaka kunyoosha. Lakini siku zote nilikuwa nawaona mkila pamoja kule nyuma ya tangi. Nilipoona hata wewe umenyoosha, nikasema basi, kweli ameiba, nami nikanyoosha."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikiikumbuka mikono ya mbele yangu tu. Ya nyuma sikuwahi kugeuka kuitazama.