Kabuluku wa Kafita Hakuwa Nyama

Nilitoka Likasi mwezi wa nane kwa sababu ya kamera. Profesa wetu, mama mmoja wa Lubumbashi anayechunguza wanyama wanaobaki katika misitu iliyokatwakatwa, alikuwa amezifunga kwenye miti ya Kimpolo, mbele ya Kapolowe, tangu kiangazi kianze. Alipozishusha aliniita ofisini. Alikuwa amepata kuku, baiskeli, mbwa wawili, na mzee mmoja aliyejisaidia bila kujua kwamba anapigwa picha. Kabuluku hakumpata hata mmoja.

Kabuluku ni paa mdogo sana, hafiki goti la mtu mzima. Wanaishi wawili wawili, dume na jike, ndani ya mushitu, ule msitu mnene unaofuata vijito, na mahali peupe hawapapendi. Ukipitisha njia pana katikati ya mushitu, aliye upande huu anabaki upande huu mpaka afe.

"Papa Kabeya," profesa akaniambia, "weye njo uliandika kama kabuluku iko Kimpolo. Nenda uone."

Ni kweli, niliandika mimi. Mimi si mtaalamu wa wanyama. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, baba yangu akawa karani, na mimi nikawa karani wa yeyote anayetaka maswali yaulizwe vijijini kwa Kiswahili. Miaka sita iliyopita kampuni moja ilitaka njia ya malori yake ya mawe, na kulikuwa na njia mbili tu: kupitia mushitu ya Kimpolo, au ile ya Kafita, upande wa Mwadingusha. Ikamwuliza profesa ni wapi kuna wanyama wa kulindwa. Profesa akanituma mimi na fomu zangu, na nilikwenda najiona mtu mkubwa, kalamu nne mfukoni. Kimpolo niliandika "iko". Kafita niliandika "hapana". Barabara ikapita Kafita. Msitu wa Kimpolo ukafungwa ili kabuluku walindwe, na watu wake wakakatazwa kuchoma makala, ndiyo makaa kwetu.

Kwa hiyo msomaji ajue nilikwenda kutafuta nini. Nilikwenda nikiomba kamera ziwe mbovu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshapita nyumba za mwisho za mji, juu ya pikipiki yangu iliyozeeka. Kila baada ya muda mfupi nilipishana na watu wa makala, mmoja mmoja, kila mtu anasukuma kinga, ndiyo baiskeli kwetu, iliyobeba magunia mpaka haionekani. Msitu wetu unakwenda mjini hivyo, kwa baiskeli. Siwalaumu, nyumbani kwangu bukari, yaani ugali, inapikwa kwa makala hayohayo. Kushoto na kulia vilikuwa visiki na machipukizi. Miti mikubwa niliiona makaburini tu, kwa sababu pale watu wanaogopa kukata.

Saa nne nikafika Kapolowe, nikala samaki wa ziwa, nikajaza mafuta. Kutoka misheni ya Kapolowe njia inakuwa mbaya, na vumbi la malori linaingia mpaka kwenye meno. Nilisimama mara tatu kupumzisha mgongo. Umri huu si wa kuchezea pikipiki, mke wangu aliniambia, nikamjibu vibaya.

Saa saba niliingia Kimpolo. Mwenyeji wangu alikuwa Mama Albertine, yuleyule aliyenipokea mara ya kwanza, muuza chakula kando ya njia. Zamani mume wake alikuwa mchoma makala. Tangu msitu ufungwe amekwenda kutafuta kazi Kamatanda, kwenye mashimo ya madini, na anarudi mara chache.

"Weye njo ulikuyaka na bile bikaratasi," akasema, akanipa kiti. Hakuonyesha furaha.

Nikaenda naye mushitu. Ilikuwa nzuri, lazima niseme, yenye baridi na kivuli, mizizi ikiingia majini. Tulizunguka mpaka jua likaanza kushuka. Kabuluku anaacha vijinjia vyembamba chini ya majani, na mavi madogo kama punje za maharage. Hakukuwa na kinjia. Hakukuwa na mavi. Nikamwuliza ni lini kabuluku walikwisha.

Akanitazama. "Kwisha? Papa, siye tumezaliwa hapa, hatuyaonaka kabuluku yenye kutembea hata moja. Ba nkambo, bale bazee ba zamani, njo balimalizaka."

"Lakini mama, uliniambia iko. Nimeandika jina lako."

"Uliniuliza nyama gani iko hapa Kimpolo. Nikakuambia kabuluku iko, mpombo ndugu yake iko. Ilikuwa pa meza yangu, ya kukausha. Bale ba kinga balikuwa banaileta kutoka ngambo ya Lufira. Ulilomba nyama, nikakujibu nyama."

Hapo lazima nieleze kwa wasomaji wa mbali. Huko pwani watu husema nyama kwa kitoweo na mnyama kwa aliye hai. Sisi Katanga hatuna hiyo "m". Anayekimbia porini ni nyama, aliye kwenye sufuria ni nyama. Nimelisema neno hilo tangu nilipoanza kusema, na sikuwahi kufikiri lina milango miwili. Wahenga walituambia kuuliza si ujinga. Basi mimi niliuliza, na nikawa mjinga vilevile.

"Na sababu ya ile nyama ya pa meza yangu," akasema Mama Albertine, "bwana yangu iko mu mashimo."

Nilitoa kofia, nikaivaa tena.

Kesho yake, mapema, nilielekea Kafita. Njiani kichwa kilikuwa kinapiga hesabu moja tu. Kama Kimpolo "iko" ilikuwa nyama ya mezani, je, "hapana" ya Kafita ilikuwa nini? Nilikuwa nimeshaanza kujua, na nilipunguza mwendo kama mtu anayeitwa polisi.

Saa tatu nikaifikia barabara. Ni nyekundu, pana kuliko uwanja wa mpira, imesimama juu ya kijito, na kijito chenyewe kinapita chini yake kwenye bomba, maji rangi ya matofali. Upande wa kijiji imebaki mushitu kidogo. Ng'ambo imebaki nyingine. Malori yalikuwa yanapita moja nyuma ya jingine na ardhi inatetemeka.

Baba Mukalay, katekista wa Kafita, alinipokea mbele ya nyumba yake, na mke wake Mama Monique akaleta maji ya kunawa. Watu wapole. Ningependa wangekuwa wakali. Nikamwuliza, safari hii polepole, kama zamani kulikuwa na kabuluku hapa.

"Alikuwaka," akasema.

"Wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu, pande zote. "Asubuhi balikuwa banapita nyuma ya jiko. Batoto balibazoea."

"Lakini kuna mtu alikuja kuuliza, mkamwambia hapana."

"Aliuliza kama tuko na nyama ya pori. Siye nyama ya pori hatukulaka, papa. Ni kizila chetu, mwiko wa ba nkambo. Tukamujibu kweli: nyama hapana."

"Na kabuluku?"

"Kabuluku hatuiite nyama. Tunaiita kabuluku."

Nilikumbuka fomu yangu. Swali la kwanza lilikuwa nyama. Likijibiwa "hapana", karani anaruka ukurasa wote, anakwenda kijiji cha pili. Niliruka. Nafikiri Kafita nilikaa muda wa kunywa chai. Mahali pekee ambapo kabuluku walikuwa wanaishi kwa sababu hakuna anayewala, niliandika hawapo kwa sababu hakuna anayewala.

Nikauliza walikwisha vipi. Baba Mukalay alisema wajenzi wa barabara waliweka kambi, wakatega nyaya, kizila cha Kafita si chao. Malori yakaua wengine. Kisha Mama Monique akasema.

"Ile ya mwisho ilikuwa mwanamuke. Bwana yake alibaki ngambo. Kila asubuhi ilikuwa inakuya mpaka pa barabara, inasimama, inaangalia kule. Inaogopa kupita. Inarudia nyuma."

"Muda gani?"

"Kipindi ya mvua yote moja."

"Halafu?"

"Halafu imbwa."

Nilipita mushitu zote mbili, ya huku na ya kule, mpaka saa nane. Nilipata waya mmoja wenye kutu na chupa za plastiki. Niliporudi niliwaambia kwamba yule karani alikuwa mimi. Baba Mukalay aliinamisha kichwa. Mama Monique akaingia ndani, akatoka na bukari na mboga ya lengalenga, akaniwekea, kwa sababu nilikuwa mgeni na ilikuwa saa ya kula. Nilikula.

Saa tisa nikashika njia ya kurudi, na sitaficha niliyoyawaza njiani. Kulikuwa na neno moja la kuniokoa: "imetoweka". Ningeandika kabuluku wa Kimpolo wametoweka, kila mtu angeamini, na lawama wangebeba wachoma makala, maana wao hulaumiwa daima. Msitu ungeendelea kufungwa. Kabeya angebaki Kabeya. Hata nilipoingia Likasi, taa za mji zikiwaka, neno hilo lilikuwa bado mdomoni.

Asubuhi nilimweleza profesa yote. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akasogea dirishani.

"Bon. Nikiandika hivi," akasema, "Kimpolo batafungua. Batakata."

"Watakata," nikasema.

"Ungeweza kunyamaza, papa."

"Mama Albertine ana haki ya kujua kwa nini mume wake yuko shimoni."

Aliandika. Mwezi wa kumi marufuku ya Kimpolo iliondolewa. Mama Albertine alinipigia simu, sauti yake imejaa furaha, kusema mume amerudi nyumbani na ameshajenga tanuru mbili. Akanishukuru. Nilimwambia karibu. Kabla ya mvua kukolea mushitu ile yenye baridi ilikuwa visiki. Nililojifunza ni hili, nalisema waziwazi kwa yeyote anayeshika kalamu kwenda vijijini: kwanza waulize wanakataa kula nini, kisha ukae mpaka wakuonyeshe.

Profesa aliniomba nirudi Kafita, niwasomee ripoti kwa mdomo wangu. Nilikwenda. Walikaa wote ndani ya kanisa lao dogo, wanaume mbele, na nikasoma mpaka mwisho, jina langu likiwemo. Hakuna aliyenitukana. Baba Mukalay alisimama akauliza swali moja.

"Sasa vile balijua, ile barabara bataiondoa?"

Nikamwambia hapana.