Mbio za Kisima cha Mahurunga
Nesi Edina ndiye aliyemuuguza Bi Somoe wa Mahurunga, aliyenyofolewa mkono na mamba akichota maji mtoni Ruvuma. Akaamua kuandaa mbio za hisani mjini, ili kijiji kichimbiwe kisima. Gari la kuchimba visima lilikuwa Nanyamba, mji wa jirani, na lingeondoka mkoani baada ya siku kumi na mbili tu.

Kila akitoka zamu alizunguka maofisini. Kibali cha kutumia barabara kilitoka alasiri, siku moja kabla ya mbio, na asubuhi ya mbio wengi walikuwa mnadani na korosho zao. Walikuja wakimbiaji kumi na tisa. Edina aliwapigia makofi mpaka wa mwisho, kisha akakaa chini kando ya marobota ya fulana za mbio zilizokosa wa kuzivaa. Michango haikukaribia hata gharama ya kisima.

Gari lilipoondoka, alikwenda Mahurunga kuomba radhi.

“Usilie, nesi,” Bi Somoe alimwambia. “Umejitahidi.”

“Sasa maji mtachota wapi?”

“Palepale.”

Bi Somoe akamwita binti yake, akampa ndoo. Edina alibaki amesimama uani, akimtazama msichana akishika njia ya mtoni.