Sindano ya Nzega, Kadi za Tabora

Hii msiisimulie mbele ya wanangu, maana mpaka leo nikikatiza Gongoni wazee wananiona tu na kuanza kujipapasa mabega, wanacheka.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, nimehamishwa kutoka zahanati ya Nzega kuja zahanati moja ya Tabora mjini, karani wa kadi, na suruali yangu ya bugaluu. Nilikuwa nimepeleka posa ya binti wa Mzee Ramadhani, fundi cherehani wa Gongoni, sijajibiwa, kwa hiyo nilitaka mtaa mzima unione mtu wa maana. Mganga wa zahanati akaniagiza niwaite akina mama wa Gongoni kwenye darasa la kunyonyesha. Kila mgonjwa alikuwa na kadi yenye matundu pembeni. Unapitisha sindano ndefu kwenye tundu unalolitaka, unainua, zilizokatwa tundu hilo mpaka ukingoni zinadondoka, nyingine zinabaki zinaning'inia. Kwenye tundu la mume au mke, Nzega tulizikata kadi za wanawake. Tabora (sikuuliza, mjuaji mimi) walizikata za wanaume.

Zilizodondoka nikampa tarishi apeleke wito.

"Bwana karani, hizi umezitazama?"

"Sindano haikosei. Peleka."

Wito wenyewe ulisema fika Jumatatu asubuhi bila kukosa, na khanga safi (kueleza darasa la nini niliona ni kupoteza wino).

Enzi zile wito wa serikali hauhojiwi. Jumatatu ukumbi ukajaa wanaume watupu, kanzu na kofia, kila mmoja na khanga ya mkewe begani, na mstari wa mbele Mzee Ramadhani, yake ameikunja vizuri mapajani. Mkufunzi, mama mmoja mgeni, akawatazama, akaitazama picha ya titi aliyoibandika ukutani, akakaa chini.

Nikamwendea mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Khanga nimeleta, mwanangu," akasema taratibu. "Huyo wa kunyonya yuko wapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nikajua mke nimemkosa.

Mzee akaikalia posa yangu muda mrefu, kisha akaikubali. Siku ya ndoa, nimeketi mkekani namsubiri shehe, wazee wale wale wakaingia mmoja mmoja, khanga mabegani, hakuna anayetabasamu. Baba mkwe akaishusha yake, akaniwekea mikononi.

"Kaa nayo. Mwakani utaihitaji."

Tuliihitaji kweli. Na tangu hapo sigusi kadi za watu kabla sijauliza: hapa kwenu mnamtaka anayedondoka, au anayebaki?